Chota, usichovye: uchambuzi wa kisa cha takriri katika ujumbe wa maji salama

Usuli

Kisa hiki kinahusu ujumbe mfupi wa maji salama ya kunywa ulioandaliwa na watu watatu: mhariri, afisa wa afya na msomaji aliyetoa sauti. Majina, mahali na taasisi vimeondolewa. Maneno ya rasimu yameachwa kama yalivyoandikwa, maana hayo ndiyo yanayochambuliwa.

Ujumbe ulitakiwa utoke kwa njia tatu: bango la ukutani, kipaza sauti cha kutangazia watu wapitao, na sauti iliyorekodiwa ya kusikilizwa kwenye simu. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, maneno yawe ya kila siku, yale ambayo mtu huyatamka jikoni bila kuyafikiria. Maneno kama "vimelea", "kutakasa" na "mchakato" yalipigwa marufuku kabla hata kalamu haijagusa karatasi. La pili, ujumbe ukae kichwani baada ya kusikika mara moja au mbili, kwa sababu mpita njia hasimami kungoja mara ya tatu.

Kutimiza sharti la pili, mhariri alipendekeza takriri ya konsonanti, yaani sauti ileile ya mwanzo irudi katika maneno yanayofuatana. Hili si pambo la washairi peke yao. Mtu anayesema "bure bilashi", "amekataa katakata" au "wamefika salama salimini" hajui kwamba anatumia mbinu, na nguvu ya maneno hayo iko hapohapo.

Yaliyomo ya kiafya yalikuwa yamekwisha kukubaliwa. Maji yenye tope yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, na yaendelee kutokota kwa dakika 1, au dakika 3 katika sehemu zilizo juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Yapoe. Yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Yachotwe bila mkono kuyagusa. Kazi ya mhariri ilikuwa kuyabana hayo yote katika maneno machache yenye mdundo.

Rasimu ya kwanza: v saba za bure

Sentensi ya kwanza kuandikwa ilikuwa hii:

*Vyombo vyote viwe vikavu, vizima na vifunikwe vizuri.*

Hapo kuna maneno saba yanayoanza na v. Mhariri aliridhika nayo, na kwa jicho inapendeza. Ikasomwa kwa sauti mara moja mbele ya watu ambao hawakushiriki kuiandika. Yakapita mazungumzo ya mambo mengine kwa dakika kama 10, ndipo wakaombwa waiseme tena. Walichokumbuka ni "vyombo" mwanzoni na "vizuri" mwishoni. Katikati palibaki ukungu. Mmoja alijaribu kwa kuiga: "vi-vi-vi... vizuri."

Sababu iko ndani ya sarufi yenyewe. Kiswahili kina upatanisho wa ngeli: nomino ikishaanza na *vi-* au *vy-*, kila kinachoitegemea hufuata. Wanasarufi wa lugha za Kibantu waliwahi kuupa upatanisho huu jina lenye neno takriri ndani yake, na kwa kweli ndivyo unavyosikika. Tatizo ni kwamba msikilizaji wa Kiswahili ameishi na takriri hiyo tangu utotoni. Sikio lake limeshazoea kuiruka ili lifike kwenye mzizi, ambako maana imekaa. Ukimpa *viwe vikavu vizima vifunikwe*, hasikii v nne. Anasikia *-we, -kavu, -zima, -funikwe*, na hizo hazifanani hata kidogo.

Yaani takriri iliyotolewa bure na sarufi haimshtui mtu. Mbaya zaidi, inayafanya maneno yote yaanze kwa sura moja, na sentensi inageuka kitanzandimi ambacho hata msomaji mwenyewe alijikwaa nacho alipokisoma mara mbili mfululizo.

Rasimu ya kwanza ilitupwa. Lilibaki swali moja la maana: katika maneno ya majini na jikoni, ni mizizi gani inayoanza kwa sauti moja?

Rasimu ya pili: nzuri mno kuwa sahihi

Mhariri aliandika orodha bila kuchagua: chuja, chemsha, chota, chovya, chafua, chombo, chungu, chupa, chujio, chini, chunga, choo. Sauti *ch* ina utajiri wa ajabu katika shughuli za maji. Kutoka kwenye orodha hiyo ikazaliwa:

*Chemsha, chuja, chunga.*

Kila aliyeisikia aliipenda, na bango likaanza kuchorwa. Ina kila kitu ambacho mtu angetaka: maneno matatu, yote vitenzi, yote ya kila siku, na sauti moja inayopiga kama nyundo. Watu waliisema tena bila kosa baada ya dakika 10 zilezile.

Afisa wa afya ndiye aliyeisimamisha, kwa hoja mbili.

Hoja ya kwanza ni mpangilio. Maji huchujwa kwanza, kisha huchemshwa. Anayechemsha halafu akachuja anayapitisha maji yaliyokwisha kuwa salama kwenye kitambaa ambacho huenda kimening'inia nje tangu jana. Kazi ya moto inapotea palepale. Mhariri alikuwa ametanguliza "chemsha" kwa sababu ya mdundo tu: neno refu mbele, mawili mafupi nyuma, lilikaa vizuri mdomoni. Wala hakuwa amelifikiria kama mpangilio wa kazi. Lakini msikilizaji anayepewa vitenzi vitatu mfululizo huvichukua kama hatua ya 1, 2 na 3, na ana haki ya kuvichukua hivyo.

Hoja ya pili ni neno "chunga". Mhariri alikusudia "tunza, linda". Kuna anayesikia hivyo. Kuna anayesikia "jihadhari". Na yuko anayechunga unga kila siku, kwa maana ya kuupitisha kwenye chekecheke. Baada ya "chuja", huyu wa mwisho anasikia kitu kilekile kwa mara ya pili: chuja, kisha chuja tena. Wasikilizaji wawili walipoulizwa wangefanya nini kwenye hatua ya tatu, walionyesha kwa mikono ishara ya kutikisa chujio. Hakuna aliyeonyesha ishara ya kufunika.

Huu ndio ungekuwa mtego mkubwa wa kazi nzima. Rasimu ya kwanza ilishindwa kwa kutokumbukwa, hasara yake ndogo. Rasimu ya pili ingekumbukwa na watu wengi, kwa muda mrefu, ikiwa na kosa ndani yake.

Maamuzi na sababu zake

*Kitendo kwanza, sauti baadaye.* Hatua ziliandikwa upya kwa mpangilio wake, kila moja na vitenzi vyote vinavyoweza kuieleza bila kuipotosha. Kuchuja: chuja. Kuchemsha: chemsha, tokosa. Kuhifadhi: funika, ziba, tunza, weka. Kutoa: chota, teka, mimina. Ndipo *ch* ikatafutwa ndani ya orodha hizo, na penye kukosekana ikaachwa ikosekane. Ilikosekana kwenye "funika".

Palikuwa na ubishi kidogo hapo. Lilipendekezwa "chunguni" ili kuijaza nafasi: *chuja, chemsha, chunguni, chota*. Likakataliwa kwa sababu si kitenzi, na si kila mtu anahifadhi maji kwenye chungu. "Funika" likabaki lilivyo, katikati ya *ch* tatu.

*Chota, usichovye.* Hii ndiyo nakshi ya kisa chote, na ilitoka kwenye orodha ileile ya awali. Hatari ya hatua ya mwisho ni mtu kuzamisha kikombe pamoja na vidole vyake kwenye maji yaliyokwisha kuchemshwa. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotenganisha mambo hayo waziwazi. Kuchota ni kutoa maji kwa chombo. Kuchovya ni kutumbukiza kitu kidogo, mara nyingi kidole au kilichoshikwa na vidole, kikatoka kimelowa. Sasa vitamke: *CHO-ta, usi-CHO-vye*. Silabi moja, mkazo mmoja, na tofauti ya kiafya imekaa kwenye silabi inayofuata. Hapa takriri haipambi ujumbe, maana imewaweka ana kwa ana kitendo kinachotakiwa na kile kinachokatazwa. Wala hakuna neno hata moja ambalo mtoto angeuliza maana yake.

Kulikuwa pia na "chota kwa kata", lenye mwangwi mzuri wa *ta*. Liliondolewa. Kata ya kuchotea maji haikujulikana kwa baadhi ya vijana, na masikioni inagongana na kitenzi "kata". Kwenye maelezo marefu pakaandikwa "kopo lenye mkono", lisilo na muziki wowote ila linaeleweka.

*Umbo la kitenzi.* Jambo hili linaonekana dogo na lilichukua muda mrefu kuliko mengine. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mzizi wa silabi mbili unabaki na mkazo kwenye konsonanti yake ya mwanzo hata ukitanguliwa na viambishi: *CHUja, anaCHUja, tuCHUje*. Ukiongeza kitu nyuma, mkazo unahama: *chuJEni, choTEni, choTEa*.

Msomaji wa sauti alipenda wingi, "chujeni, chemsheni, choteni", kwa sababu amri ya umoja ilionekana kali kwa wazee. Iliporekodiwa, *ch* ilizama na kilichosikika ni *-eni, -eni, -eni*. Vina vya mwisho viliifunika takriri ya mwanzo. Suluhisho lilikuwa "tu-": *Tuchuje, tuchemshe, tufunike, tuchote, tusichovye.* Adabu ikapatikana, kwa kuwa anayesema amejiweka miongoni mwa wanaotenda, na mkazo ukarudi kwenye *chu* na *cho*. "Tuchemshe" lina ukaidi wake. Kwa hesabu ya silabi ni tu-che-m-she, mkazo uko kwenye *m*, na *ch* inapungua ukali. Msomaji alielekezwa asiikimbize *che*.

Kwenye bango umbo hilohilo halikufaa. Machoni, "Tuchuje, Tuchemshe, Tufunike" ni safu ya *Tu* tatu, yaani ugonjwa wa v saba umerudi kwa jina jingine. Bango likatumia amri tupu: *Chuja. Chemsha. Funika. Chota, usichovye.* Herufi *Ch* zikapangwa kwenye mstari mmoja wa wima, na *F* ikionekana peke yake.

*Majina yaliachwa.* Yalikuwapo mapendekezo ya kuanza na "chombo, chungu, chupa". Sentensi ilipohitaji wingi, ikawa "vyombo, vyungu, chupa". Chombo na chungu hubadilika mwanzo, chupa haibadiliki. *Ch* ya ngeli haitegemeki kwa sababu inaondoka ikiguswa na wingi, ilhali ya mzizi wa kitenzi inakaa.

Tawi lililokatwa: mstari wa sabuni

Ujumbe ulikuwa na mstari wa pili, wa kunawa mikono:

*Shika sabuni, safisha, sugua, suuza.*

Mwandishi anaona s tano. Sikio linasikia s nne na *sh* moja, na *sh* hiyo ndiyo inayofungua mstari, hivyo mlio wa kwanza unaahidi kitu ambacho maneno yanayofuata hayakitimizi. Takriri ni ya sauti, si ya herufi. Kwa sababu hiyohiyo "ng" ya *ngoma* na "ng'" ya *ng'oa* hazihesabiwi pamoja, ingawa kwenye karatasi ni majirani.

Kasoro kubwa ilijitokeza kwenye simu. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na nguvu kubwa ya mlio wa *s* iko juu ya hapo. *S* inafika imechoka. Msikilizaji mmoja alisikia "uza" badala ya "suuza", akauliza anauziwa nini. *Ch* ilivuka vizuri zaidi, kwa sababu huanza kwa mfungo wa ulimi na mpasuko, na sikio linapata pa kushika hata mlio ukipungua.

Mstari huo ukaachwa kwenye bango kama "Sugua, suuza" tu. Kwenye simu ukawa sentensi ya kawaida: nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sugua kwa sekunde 20. Hakuna aliyeisikitikia takriri iliyokufa hapo.

Matokeo

Jaribio la dakika 10 lilirudiwa kwa toleo la mwisho. Vitenzi vilirudi kwa mpangilio sahihi kwa karibu kila aliyeulizwa. "Chota, usichovye" ilirudi neno kwa neno, na baadhi waliisema huku wakionyesha kidole kikiingia kwenye kikombe cha hewani. "Funika" ilikuwa na wasiwasi wa kusahaulika, ikawa kinyume: ilikumbukwa kama "lile lisilofanana na wenzake".

Kilichopotea ni dakika. Wengi walijua wachemshe, wachache walijua mpaka lini. Maelezo hayo yalikuwa yamefungwa ndani ya sentensi ndefu baada ya mlolongo wa vitenzi, na masikio yalikuwa yameshafunga duka. Yakatolewa yakawa sentensi yake, *Yakitokota, hesabu dakika moja*, ikasomwa polepole baada ya kimya kifupi. Hali ilipata nafuu, ila haikufikia kiwango cha vitenzi. Hatua ya kuacha maji yatuame haikupata nafasi kabisa katika toleo la sauti. Ilibaki kwenye bango kwa maandishi madogo, mahali ambapo wachache husoma.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Takriri ilifanya kazi ilipokaa kwenye mzizi, chini ya mkazo, katika maneno ambayo mtu anayatenda kwa mikono yake. Masharti hayo matatu hayatengani. *Chafua* ina mzizi wa *ch*, lakini mkazo uko kwenye *fu*. *Chini* ina mkazo mahali pake, lakini si kitendo. *Chuja* na *chota* zina vyote.

Kuna utafiti unaoelekea upande huohuo. Seth Lindstromberg na Frank Boers walichapisha mwaka 2008 kazi kuhusu wanafunzi wa Kiingereza na vifungu vya maneno vyenye takriri, na neno la msingi katika hoja yao ni kutambua: takriri husaidia kumbukumbu inapotambuliwa na msikilizaji. Kwa Kiswahili hili lina uzito wa ziada. Takriri ya ngeli ipo kila mahali, na cha kila mahali hakitambuliwi.

Kuvunja mfululizo kwa "funika" kulisaidia ingawa hakukupangwa. Ikiwa maneno manne yanafanana yote, hakuna linalojitokeza. *Ch* mbili, *f* moja, kisha *ch* tena, na sikio linapata kona ya kukatia.

Uchambuzi: kilichoshindwa, na kwa nini

Kosa la rasimu ya pili halikuwa la kisanaa. Mhariri alianza na sauti akatafuta maana ya kuijaza, na "chunga" likaingia kwa sababu lilikuwa na *ch*, si kwa sababu hatua ya tatu ilikuwa kuchunga. Dalili ya hali hii ni rahisi kuiona: muulize mwandishi kwa nini neno fulani lipo. Akijibu kwa sauti kabla ya kujibu kwa kitendo, neno hilo linahitaji kukaguliwa. Jaribio la kukumbuka peke yake lisingeligundua kosa hili, kwa sababu "Chemsha, chuja, chunga" ililifaulu vizuri. Lililoligundua ni swali la pili, "nionyeshe utakavyofanya". Kundi lilipaswa kuliuliza mapema zaidi, kabla mchoraji hajaanza bango.

Kurekodi nako kulichelewa. Sauti zilichaguliwa kwenye karatasi, zikasikilizwa kwenye simu mwishoni. Kama sampuli fupi za *ch*, *s* na *p* zingepigwa kwenye simu na kipaza sauti siku ya kwanza, mstari wa sabuni usingeandikwa ulivyoandikwa. *P* ingeleta shida tofauti. "Paka povu polepole" hupuliza upepo kwenye maikrofoni na kutoa mlipuko, ambao hupungua msomaji akisogea pembeni kidogo badala ya kukabili maikrofoni moja kwa moja.

Jozi nyingine za kuepuka, ingawa hazikutumika hapa, ni *l* na *r*, *dh* na *z*, *th* na *s*. Wazungumzaji wengi huzibadilishana, na takriri iliyojengwa juu ya *dh* itafika kwa nusu ya watu ikiwa *z*. Inaweza kupata mwenza isiyemtarajia au kumpoteza iliyenaye.

Kuhusu dakika 1, kundi halikupata jibu la kuridhisha. Nambari haina mzizi wa kuchezea, na "dakika" haina jamaa miongoni mwa vitenzi vya maji. Jaribio moja, "tokota, tulia, toa", lilikuwa na *t* safi, lakini "tulia" halisemi kwa muda gani. Likawekwa kando kwa sababu ileile iliyoiondoa "chunga".